Chama cha wenye maduka ya spea kina kazi gani hasa?

Msomaji wetu wa Mwanza ameuliza hivi: "Nina duka la spea za magari madogo, hasa Toyota na Nissan. Tuko watatu kaunta. Wenzangu wa mtaani wanataka tuanzishe chama cha wauza spea, chenye kiingilio na ada ya kila mwezi. Nimechoka na vyama vya kuchangishana. Duka dogo kama langu, lisilo chini ya kampuni yoyote kubwa, litapata nini humo? Au nibaki na VICOBA vyangu tu?"

Dada yangu, VICOBA usiviache. Kukopeshana, kuzikana na kusaidiana ada za watoto ni mambo ya watu wanaojuana, na huko ndiko mahali pake. Chama cha biashara kina kazi nyingine kabisa: kinafanya yale ambayo duka moja, hata lenye mtaji mnono, haliwezi kuyafanya peke yake. Wenzako wakikuita kikaoni, wapime kwa kipimo hicho tu. Ada ikiwa inalipia jambo ambalo ungeweza kulifanya mwenyewe pale kaunta, usilipe.

Nianze na kazi ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye vikao vya kuanzisha chama, ingawa kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote: kujua spea ipi inaingia kwenye gari lipi.

Unaijua asubuhi ya kawaida dukani. Bodaboda ametumwa na fundi: "Naomba shokapu za nyuma za IST." IST ipi? Kuna NCP60 yenye injini ya 2NZ ya cc 1300, kuna NCP61 yenye 1NZ ya cc 1500, halafu kuna NCP65 ambayo magurudumu yote manne yanavuta, kwa hiyo huko nyuma imeundwa kivingine. Kijana hajui. Fundi hapokei simu. Unampa zile ulizonazo, na jioni zinarudi zimepakwa grisi, boksi limechanika, mteja anataka hela yake. Wewe ndiye unayebaki na mzigo, maana muuza jumla hapokei boksi lililofunguliwa.

Huo si uzembe wa wauzaji wako. Magari yetu mengi yametengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na gari la soko hilo halina ile namba yenye herufi na tarakimu 17 ambayo katalogi za Ulaya na Marekani huitumia kutafutia. Lina namba fupi ya chesesi, NCP61 kisha tarakimu saba. Tena majina yenyewe hayafanani. IST hiyohiyo iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA, kwa hiyo ukifungua katalogi ya Kimarekani na kuandika IST, hupati kitu. Basi ujuzi wote unabaki kichwani mwa kijana wako mkongwe wa kaunta, na siku akifungua duka lake ng'ambo ya barabara, anaondoka nao.

Wamarekani nao walikuwa na shida ya namna hiyo, kila kiwanda na kila muuza jumla na katalogi yake. Kule kuna chama kinachoitwa Auto Care Association, chenye makao yake Bethesda, Maryland. Kilizaliwa mwaka 1999 kwa kuunganisha vyama viwili vya zamani, na jina la sasa kikalichukua mwaka 2014. Hiki ndicho kinachosimamia viwango viwili vya taarifa ambavyo soko lao la spea huru linavitegemea. Kimoja, ACES, kinaeleza spea ipi inaingia kwenye gari lipi, la mwaka upi, lenye injini ipi. Cha pili, PIES, kinaieleza spea yenyewe: uzito, vipimo vya boksi, picha, bei. Nyuma ya hivyo kuna orodha kuu ya magari ambayo husasishwa kila mwezi. Matokeo yake ni kwamba kiwanda cha filta, muuza jumla wa jimbo jingine na duka la watu wawili kijijini wote wanasoma taarifa zilizoandikwa kwa mpangilio mmoja.

Angalia kwa nini ilibidi kiwe chama. Kampuni moja ingeishika orodha hiyo, wapinzani wake wasingekubali kuitumia, na mwenye orodha naye angeshawishika kuzitanguliza bidhaa zake. Chama hakiuzi filta. Ndiyo sababu kinaaminiwa kushika daftari la wote.

Mwanza hamhitaji mtambo mkubwa hivyo. Chukueni magari ishirini yanayoingia dukani mara nyingi zaidi. Kwa kila moja andikeni alama ya chesesi, injini, miaka, giaboksi, kisha namba ya spea kumi zinazotoka sana: filta, brekipedi, shokapu, mikanda, plagi, bushi, boljointi. Kila duka lilete daftari lake la spea zilizorudishwa, maana humo ndimo makosa yalimojificha. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, liwe na mtu mmoja anayelipwa kulisahihisha. Na mafundi wazoezwe kutuma picha ya kile kibati cha chesesi badala ya kutuma jina la gari. Mkilifanya hilo peke yake mwaka mzima, ada yako itakuwa imerudi kwa kupungua kwa spea zinazorudishwa.

Kazi ya pili ni kulilinda jina la spea halali isiyo ya kiwanda cha gari. Hapa wengi huchanganya mambo, na mchanganyiko huo unawaumiza ninyi wenye maduka huru kuliko mtu mwingine yeyote. Kwenye rafu yako kuna spea iliyo ndani ya boksi la Toyota. Kuna spea ya kampuni kama Denso, Aisin, KYB au NGK, ambazo huviuzia viwanda vya magari na pia huuza kwa majina yao wenyewe. Kuna spea ya kampuni nyingine isiyouzia kiwanda chochote cha gari lakini imeweka jina lake kwa uwazi na inakuambia bei yake ni ndogo kwa nini. Halafu kuna feki, yaani iliyoandikwa jina la mtu mwingine ili ikudanganye. Hizo tatu za kwanza ni biashara halali. Ya nne ni jinai. Lakini mteja akishaumizwa na feki, anaondoka akisema spea zote zisizo na boksi la Toyota ni feki, na wewe unapoteza wateja kwa kosa la mtu usiyemjua.

Duka moja likimshtaki muuza feki linaonekana lina wivu wa biashara, na pengine linaogopa kukatiwa mzigo. Chama kinaweza kununua sampuli sokoni kimyakimya, kikatunza risiti, kikapeleka malalamiko kwa maandishi. Na kijue kwa kupeleka. Alama ya biashara iliyoghushiwa ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Spea isiyofikia kiwango ni kazi ya Shirika la Viwango, TBS. Brekipedi inaweza kuwa na jina lake halali kabisa na bado isifae kusimamisha gari, na hapo FCC hawana la kughushi la kulikamata. Watu hupeleka lalamiko ofisi isiyohusika, miezi inapita, kisha wanasema serikali haijali. Wakenya wenzetu wana chombo maalumu cha kupambana na bidhaa bandia kilichotokana na sheria ya mwaka 2008, lakini hata kule malalamiko yenye sampuli na risiti hushughulikiwa kwa urahisi kuliko kelele.

Hapohapo chama kinaweza kuwa na kanuni yake ya maandishi: mwanachama hauzi kitu chenye jina la kughushi, na anayekutwa nacho mara ya pili anatolewa na jina lake linaondolewa kwenye orodha. Bila adhabu hiyo, kibao cha uanachama ukutani hakimwambii mteja chochote.

Sasa forodha na kodi. Utasema wewe huagizi, unanunua kwa muuza jumla Kariakoo. Ni kweli, lakini ushuru aliotozwa yeye unaulipa wewe. Si kila spea ya gari inaingia fungu moja la forodha. Fungu la 8708 ni la sehemu za magari kwa ujumla, lakini filta ziko 8421, beringi ziko 8482, plagi, stata na alteneta ziko 8511, na betri ziko 8507. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ngazi nne za ushuru wa pamoja: asilimia 0, 10, 25 na 35. Kitu kikiainishwa ngazi isiyo yake, tofauti ni kubwa, na VAT inahesabiwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru, kwa hiyo kosa linazaa kosa. Chama kinaweza kuiandikia Mamlaka ya Mapato, TRA, kuomba uainishaji wa maandishi kwa spea zinazoleta ubishi, kisha kuugawa kwa wanachama. Mwagizaji akikuambia bei imepanda kwa sababu ya ushuru, utakuwa na karatasi ya kumuuliza nayo.

Kuna watakaokuambia kwamba njia ya kusikilizwa ni kufunga maduka. Wana mfano mkononi. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana nao viwanja vya Mnazi Mmoja, na malalamiko kuhusu kikosi kazi cha TRA na usajili wa stoo yakapata majibu. Siudharau mgomo huo, ulikuwa na madai ya kweli. Lakini Juni 2024 wakafunga tena. Mgomo unamleta waziri mezani. Ukifika hapo unahitaji mtu mwenye jedwali: filta hii inatozwa hivi hapa, jirani zetu wanatoza hivi, duka la ukubwa huu linabaki na hiki. Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya bajeti ya Juni, Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya wadau kuhusu kodi. Pendekezo la kurasa mbili lenye hesabu, likapita kwa TCCIA, yaani chemba ya wafanyabiashara, au kwa TPSF, taasisi ya sekta binafsi kwa ujumla, lina nafasi ya kufika kwenye Sheria ya Fedha inayoanza Julai mosi. Kazi hiyo haina shangwe. Ndiyo maana inahitaji chama chenye katibu anayelipwa, si kundi la WhatsApp linaloamka siku ya msukosuko.

Utasikia pia kuhusu haki ya kutengeneza, na ni vyema uijue kwa sababu huko ndiko vyama vya nje vimepata ushindi wao mkubwa. Watengenezaji wa magari walianza kuzificha taarifa za ufundi na kuwatisha wenye magari kwamba wakienda gereji isiyo ya wakala wao au wakifunga spea isiyo ya kiwanda, dhamana itakufa. Marekani sheria ya mwaka 1975 ilikuwa imekwisha kukataza kuifunga dhamana na spea ya jina fulani, lakini taarifa za kompyuta za gari zilibaki zimefichwa. Novemba 2012 wananchi wa jimbo la Massachusetts wakapiga kura, na asilimia 86 hivi wakasema gereji huru zipewe taarifa zilezile wanazopewa mawakala. Vyama vya spea na gereji vilikuwa mstari wa mbele. Mwaka 2020 wakapiga kura tena kuhusu taarifa ambazo gari huzituma hewani, wakashinda tena kwa asilimia 75, na watengenezaji wakakimbilia mahakamani kesi ikaburuzwa miaka. Maine wakafuata mwaka 2023.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Afrika Kusini. Kule gari jipya lilikuwa linauzwa kwa bei moja pamoja na mpango wa sevisi, mnunuzi hana la kuchagua, na gereji huru hazionji magari hayo hadi yazeeke. Vyama vya sekta, kikiwamo cha gereji kiitwacho MIWA kilicho chini ya shirikisho la RMI, vilishinikiza kwa miaka. Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ikatoa mwongozo ulioanza kutumika Julai 1, 2021: mwenye gari anaweza kulipeleka gereji huru na kufunga spea zisizo za kiwanda bila dhamana yake kufutwa kwa sababu hiyo tu, na bei ya mpango wa sevisi itenganishwe na bei ya gari.

Pamoja na hayo, ningekuwa kwenye kikao chenu nisingeianza ajenda na vita hiyo. Magari mengi ya wateja wako yalikwisha dhamana zamani yakiwa bado Japani. Inakuja, ndiyo. Gari za haibridi kama Aqua zimeshaingia, na tayari kuna kazi zinazokwama kwa sababu fundi hana kifaa cha kusoma kompyuta ya gari au kuoanisha ufunguo. Kwa sasa chama kipatane na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na wasambazaji wenye mafundi wao, wawafundishe vijana wa kaunta na wa gereji. Hilo linatosha kwa mwaka wa kwanza.

Naja kwenye jambo linalonipa wasiwasi kuliko yote, kwa sababu nina hakika litakuja kikaoni kabla ya chai kwisha. Mtu atasimama aseme: "Tukubaliane bei. Filta ya oili isiuzwe chini ya kiasi fulani, tunauana wenyewe kwa wenyewe." Wengi watapiga makofi. Dada, usipige. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei, inakataza kumsusia mtu kwa pamoja, na inakataza kupangana kwenye zabuni. Faini yake huhesabiwa kwa asilimia ya mauzo ya mwaka, na muhtasari wa kikao chenu ndio utakaokuwa ushahidi. Marekani vyama vya namna hii husoma onyo la sheria ya ushindani mwanzoni mwa mkutano, na mazungumzo yakigusa bei mwanasheria huyakatiza. Iwekeni sentensi hiyo kwenye katiba yenu na isomwe kila mara.

Ndugu yake wa karibu ni orodha ya wadaiwa sugu. Naelewa maumivu yake, kwani gereji ikichukua spea kwa mkopo kwako, ikahama kwenda kwa mwenzako na kwa mwingine, wote mnalia kwa zamu. Lakini kurusha picha ya mtu na deni lake kwenye kundi la WhatsApp kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mkikubaliana msimuuzie, mmerudi kwenye kususia kwa pamoja. Kilicho salama ni chama kuwaandalia wanachama fomu moja nzuri ya mkopo, yenye mdhamini, tarehe na sahihi, kila duka liamue lenyewe kumkopesha nani. Mkopo wenye karatasi unaweza kudaiwa mahakama ya mwanzo. Mkopo wa daftari lisilo na sahihi unabishaniwa.

Na kununua kwa pamoja? Ni wazo zuri, na Ulaya kuna makundi makubwa ya wauza spea yanayoishi kwa hilo, mfano Temot na Groupauto. Lakini hayo ni makampuni ya biashara, hayajichanganyi na chama. Mkitaka kuvuta kontena moja kutoka Dubai au Guangzhou, sajilini kampuni, au ushirika chini ya sheria ya mwaka 2013, na hisa zake na hasara zake zijitegemee. Pesa ya kontena ikikaa kwenye akaunti ya chama, siku mzigo ukikwama bandarini chama kizima kinakwama nao, na wale wasiochangia kontena wataondoka.

Kwa hiyo ukialikwa, omba kwanza kusoma rasimu ya katiba. Tafuta mambo machache. Nani anaweza kuwa mwanachama: wenye maduka tu, au pamoja na waagizaji, wauza jumla na gereji? Mimi ningewataka wote wawemo, maana daftari la chesesi bila mafundi halikamiliki, lakini ada ifuate ukubwa wa biashara na kura ibaki moja kwa kila mwanachama. Mwagizaji mkubwa akilipa mara kumi ya ada yako na akawa na kura kumi, hicho ni chama chake. Angalia kama hesabu zinakaguliwa na mtu wa nje na kusomwa kila mwaka, kama uongozi una ukomo wa muda, na kama michango ya misiba imetengwa na ada. Hakikisha pia wanakusudia kusajili, si kuendesha mambo kwa mihuri ya kuchonga mtaani, kwa sababu ofisi ya serikali haitajibu barua ya kikundi kisicho na cheti.

Kisha waulize swali moja mbele ya wote: mwaka huu wa kwanza tunafanya kazi gani moja, na nani analipwa kuifanya? Wakikujibu kwamba ni daftari la magari na spea, au sampuli za brekipedi, au karatasi ya kodi ya kupeleka wizarani, toa kiingilio na uwapelekee daftari lako la spea zilizorudishwa siku hiyohiyo. Wakikujibu kwamba kwanza tushone sare na tufungue ofisi, waambie utasubiri mwakani.